Vanne Imekataa Kufunga

Niseme wazi tangu mwanzo: minye si muntu wa hasira. Bibi yangu Noella atacheka akisikia hivi, lakini acheke. Muntu wa hasira anaamka nayo asubuhi. Minye ninaamka vizuri, ninakunywa chai yangu, ninasalimia majirani. Halafu vanne zinanianza, hizi vali za kufungia maji.

Siku ile ilikuwa vanne kubwa ya juu ya Kimanga, ile inayokaa chini ya tanki la maji, pale tiyo, bomba nene la chuma, inapoanza kushuka mulima kwenda kugawa maji mu muji. Mutoto anaweza kuingia mu tiyo ile akakaa ndani vizuri. Mvua ilikuwa imesogeza udongo, tiyo ikapasuka njiani, na maji yakawa yanaruka ovyo mu mulima. Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kusema: tufunge vanne, maji yakome, fundi wa kuchomelea apande aunge tiyo. Kazi za namna hii, rahisi kusema, njo zinatuzeesha.

Na ungefikiri tiyo ilipasukia wapi? Kuna mashamba ya watu, kuna uwanja wa mpira, kuna bonde lisilo na muntu. Hapana. Ilipasukia nyuma ya nyumba ya mama mukwe wangu.

Jina lake sitalitaja, mukwe hataji. Sote tunamuita Mama Noella. Nyumba ile aliijenga mwenyewe kisha bwana yake kufa, chumba kimoja, halafu kingine, kadiri alivyouza unga wa mihogo sokoni. Sasa maji yalikuwa yanakula udongo chini ya chumba chake cha kulala. Ikianguka, hana pa kwenda hapa Uvira. Kwangu hawezi kulala: kwetu mama mukwe halali chini ya dari moja na mukwe wake, hali chakula mbele yake, hata mukono hampi. Ingebaki apande Lemera, mbali mulimani, kwa kaka yake, na magoti yake mabovu. Asubuhi Noella alisimama mu mulango na mutoto mugongoni, akaniambia, “Rémy, mama akipanda Lemera mu hali hii, wajukuu hawatamuona tena. Funga hiyo vanne.” Akarudi ndani.

Basi nikapanda. Mwenzangu wa kazi ni Laurette, fundi wa vanne kama minye, tumefanya pamoja kazi hii tangu Komite ya Maji ianze. Laurette anajua chuma, na anajua kunichokoza, na sijui ni kipi anakijua zaidi. Tukafungua kifuniko cha shimo la vanne. Ndani maji yalifika mapajani, tope jeusi, na vyura. Nikavua shati na suruali, nikabaki na kaptula ya kuchezea mpira ambayo hata mupira umeshaikataa.

“Unapendeza,” Laurette akasema.

“Leta kle.”

Vanne ya namna ile, ndani yake iko na sahani nzito ya chuma. Ukizungusha kle, ule ufunguo wetu wa chuma, huku, sahani inashuka polepole na kukata maji. Ukizungusha kule, inapanda. Basi, hakuna uchawi mwingine. Tukatia kle, tukaichomeka mu tiyo ndefu ili tupate nguvu, tukazungusha. Ikashuka laini, nikaanza hata kufurahi. Halafu ikakwama. Tukasukuma sisi wawili, mishipa ya shingo imesimama, wapi. Chini yetu maji yalikuwa yanaendelea kupita, unayasikia ndani ya chuma yananguruma.

“Nyuzi za skrubu zimekufa,” Laurette akasema.

“Nyuzi zikikufa kle inazunguka bure. Hii haizunguki bure. Hii inagonga kitu.”

“Basi kutu.”

“Kutu inakwamisha mwanzo mpaka mwisho. Hii inashuka vizuri mpaka hapa tu.”

Akachukua chaki, akachora alama ku ile chuma inayozunguka. Tukapandisha sahani, tukashusha. Ikakwama ku alama. Tukapandisha tena, tukapaka grisi, tukashusha. Alama ile ile. Laurette akaweka sikio lake ku tiyo kama daktari, akaniambia nigonge kidogo na nyundo. Nikagonga.

“Uko sawa,” akasema, na kwa Laurette kusema hivyo ni kama kung'oa jino. “Iko kitu kigumu chini ya sahani.”

Hapo damu ikaanza kunipanda. Nielewesheni minye: hii ni tiyo ya maji ya kunywa. Inatoka ku tanki lililofunikwa. Kitu kigumu kinatoka wapi?

Simu ikalia. Alikuwa Venant, mukubwa wa Komite, muntu mwema sana kama hana simu mukononi. “Mulifunga?” Nikamuambia bado, kuna kitu kimekwama, aturuhusu tumwage tanki tufungue vanne tuangalie ndani. Pembeni ya tanki kuna kizibo kikubwa, ukikifungua maji yote yanaenda mu bonde la upande wa pili, hayadhuru nyumba ya muntu. Venant akapiga kelele kama nimemuambia tumwage damu yake. Tanki limejaa kwa shida, watu wa chini wanangoja maji na ndoo zimepangwa, na vile, na vile. “Mutumie akili,” akasema, akakata.

Akili. Haya. Kuna namna moja ya akili ya vanne: unaifungua yote, maji yapite kwa nguvu yabebe kile kitu, halafu unafunga mbio kabla kingine hakijaja. Mara nyingi inafaa. Lakini ukifungua yote, maji yote yanashuka mpaka pale tiyo ilipopasuka, nyuma ya ile nyumba. Nilimuangalia Laurette, naye akaniangalia.

“Kidogo tu,” akasema. “Tufungue, tufunge.”

Tukafungua. Tiyo ikatetemeka mpaka matofali ya shimo yakaanza kuachia vumbi. Tukafunga mbio, mikono inateleza, na ile sahani ikashuka laini, laini, mpaka ku alama. Hapo hapo. Nikataka kulia.

Mara nikasikia viatu vya plastiki juu yetu, na mara moja nikajua ni nani. Muntu hawezi kusimama mbele ya mama mukwe wake na kaptula. Nikajitupa nyuma ya vanne, nikachuchumaa mu maji mpaka shingoni, vyura pembeni yangu. Yeye naye, kwa heshima, akageuza mugongo, akaangalia ziwa kule chini. Halafu akasema kwa Laurette, kwa sauti ya kusikiwa mpaka mwambao:

“Laurette, umuambie mukwe wangu kama maji yamezidi.”

Laurette akainama. Nilikuwa hapo, karibu na viatu vyake. “Rémy, mama anasema maji yamezidi.”

“Umuambie mama nimesikia. Umuambie tulifungua ili tufunge.”

“Mama, anasema tulifungua ili tufunge.”

“Umuulize kama kwao wanafungaka mulango hivyo.”

Laurette alikuwa anauma midomo asicheke. Nikamuambia amueleze mama kama kuna kitu kimekaa mu vanne, si kosa letu. Akaeleza. Mama Noella akaleta habari yenyewe, bila kupandisha sauti: ukuta wa chumba chake umepasuka, ufa unapita mukono. Kitanda ametaka kukitoa, hakipiti mulangoni, walikijengea ndani.

Hapo nikakasirika kabisa. Si yeye niliyemukasirikia. Nilikasirikia kile kitu, na aliyekileta. Nikachukua nyundo nikapiga ile vanne na kusema yote yaliyokuwa rohoni. Nilisema aliyetia uchafu mu tiyo ya maji ya watu ni mujinga asiye na dawa. Nilisema kichwani mwake mumejaa unga tu. Nilisema ni muntu asiye na huruma, anayeweza kuangusha nyumba ya mujane na kwenda kula vizuri, na kama Mungu angenipa nione uso wake siku moja ningemuogesha mu hili tope mbele ya watu. Nilisema na mengine ambayo sitayarudia hapa, maana watoto wanasoma.

Juu, Mama Noella alinisikiliza mpaka nikamaliza.

“Laurette,” akasema, “umuambie mukwe wangu anasema kweli.”

Tukajaribu tena ile akili ya Venant, kidogo kidogo, tukiacha nafasi. Kila tulipofungua, Mama Noella alishuka kuangalia nyumba, akarudi. Kila aliporudi, nilirudi kwa vyura. Mara ya mwisho alirudi akihema na kusema kona ya chumba imekaa hewani, chini yake hakuna kitu. Na wakati huo huo simu inalia. Venant. “Mulifunga?”

Nilimupa Laurette simu, nikamuambia amupe mama. Venant hakuwahi kuongea na mama mukwe wangu. Simu ilikuwa sikioni kwa mama, na nilichokisikia ni upande wake tu. Hakupiga kelele. Alimuuliza Venant kama mama yake yuko muzima. Alimuuliza analala wapi. Alimuambia avute kiti cha Komite akilete hapa, akae chini ya ukuta wake, waongee vizuri. Halafu akamurudishia Laurette simu na kusema, “Amesema mumwage.”

Laurette akapanda mbio ku tanki, akafungua kizibo. Upande wa pili wa mulima bonde likaanza kuunguruma. Lakini tanki kubwa haliishi maji mara moja kama sufuria. Maji yalikuwa bado yanateremka ku tiyo, yanapungua, yanapungua, na minye nimevaa suruali yenye maji, ninakimbia kushuka ku nyumba na majembe mawili na magunia ya udongo, nikifikiri labda nitashikilia ile kona.

Sikushikilia kitu. Nilipofika, ukuta wa nyuma uliteleza chini na udongo wake, kwa utaratibu, bila kelele kubwa, na bati moja likaufuata. Chumba kikabaki wazi. Kitanda kilikuwa pale, kimetandikwa, chandarua kimefungwa fundo juu, gauni lake la kanisa limetundikwa ku musumari. Chumba ambacho minye sikuwahi hata kuangalia mulango wake, sasa kinaonekana na kila anayepita. Nikageuza uso. Majirani walikuwa wamejaa, nao wakageuza uso, mumoja mumoja. Maji yakakoma kidogo baadaye. Wakati mwingine ninafikiri chuma ina roho, na roho yenyewe ni mbaya.

Vyumba viwili vya mbele vilibaki vimesimama, lakini hakuna muntu mwenye akili angelala humo kabla ya kujenga ukuta wa kuzuia. Mama Noella hakulia. Alikusanya sufuria zake, akazifunga mu kitenge, na nikasikia jirani mumoja anamuuliza kama apigie kaka yake simu, kule Lemera. Akasema ndiyo, apige.

Nikapanda tena ku vanne. Ningeenda wapi? Kazi ilikuwa haijaisha, na kama ningebaki pale ningempiga muntu. Tulifungua buloni, bolti za kifuniko cha vanne yenyewe, zile zilizokataa tukazikata, tukasimamisha miti mitatu na mnyororo, tukainua kile kifuniko na sahani yake mpaka juu. Tiyo ikabaki wazi kama mudomo. Harufu iliyotoka humo, Laurette alirudi nyuma hatua mbili.

“Hii harufu ninaijua,” akasema.

Nikalala kifudifudi, nikatia mukono mpaka begani. Nikatoa jiwe la mutoni, laini, la mviringo, la kujaa viganja viwili. Pale sahani inapokaa kulikuwa na lingine. Yalikuwa yamefungwa pamoja na kamba, na ku kamba kulikuwa kipande cha gunia, na mu gunia kulikuwa mihogo imelainika inanuka mpaka machozi.

Kila muntu hapa anajua ile kazi. Mihogo chungu unailoweka mu maji mpaka ilainike, ndipo unaianika na kuitwanga. Unaitia mu gunia, unafunga jiwe ili gunia lizame lisielee. Zamani waliloweka mutoni. Siku hizi ukiloweka mutoni, asubuhi unakuta jiwe lako peke yake, wezi wamebeba mihogo. Sasa, kando ya tanki letu kuna kisanduku cha saruji ambacho maji yanapitia kabla ya kuingia ku tiyo. Kifuniko chake kilivunjika wakati wa mafuriko, na ule wavu wa chuma ndani yake ulishaliwa na kutu. Maji safi, kivuli kizuri, mwizi hafikirii. Muntu akaona ni mahali pa kulowekea. Muji mzima ulikuwa unalalamika kama maji yananuka mihogo, na Komite ikawajibu ni harufu ya mvua.

“Nitapita nyumba kwa nyumba,” nikasema. “Na hili jiwe mukononi. Nitamuuliza kila mama wa mulima huu. Laurette, haki ya Mungu, leo atanijua.”

Laurette alikuwa anaangalia ile kamba. Haikuwa kamba ya dukani. Ilisukwa na vipande vya kitenge cha kijani chenye ndege, na kitenge kile Noella alikivaa mpaka kikachakaa, akakipeleka kwa mama yake. Laurette akainua macho, akaangalia nyuma yangu.

“Ninaenda kuangalia kizibo,” akasema.

“Kizibo kina nini?”

“Ninaenda kukiangalia tu.” Akaenda.

Mama Noella alikuwa amesimama pale, kitenge cha sufuria kichwani. Sijui alikuwa hapo tangu saa ngapi. Safari hii nilikuwa nimevaa, hakukuwa na haja ya kujificha, na kwa kweli hakukuwa na pa kujificha. Aliangalia jiwe mukononi kwangu, akaangalia kamba. Akageuka kumutafuta Laurette wa kutusemea. Laurette alikuwa mbali, anapanda bila kuangalia nyuma.

Mama Noella akatua mzigo, akaisogelea vanne, akaweka mukono wake ku ile chuma yenye tope, na kusema nayo.

“Weye vanne, umuambie mukwe wangu kama hayo majiwe ni yangu.”

“Umuambie mutoni wananiibia. Gunia la mwisho lilipotea, nikasema hili la watoto siwezi kulipoteza. Kamba ilikatika, nikafikiri gunia limezama chini, nikaliacha.” Akapumua. “Umuambie ni mihogo ya kwake. Ule unga ninaotuma kwa Noella, njo huo. Minye mwenyewe ninanunua wa sokoni.”

Maneno yote niliyoyasema asubuhi yakanirudia, na kila moja nililisema kwa sauti, na yeye alikuwa juu yangu anayasikiliza. Mujinga. Kichwa kimejaa unga. Anaangusha nyumba ya mujane na kwenda kula vizuri. Na aliyekwenda kula vizuri nilikuwa minye. Jana usiku nilikula bugali ya unga ule, nikarudia sahani.

Ningetaka kumukasirikia. Niseme ukweli, nilijaribu. Nilikuwa nimeshikilia hasira ile tangu asubuhi, imara, imekamilika, inangoja muntu tu, na sasa muntu yuko mbele yangu, na haikumuingia. Nikaweka jiwe chini.

“Weye vanne,” nikasema, na nikajisikia mupumbavu, “umuambie mama asiende Lemera.”

“Umuulize nitalala wapi.”

“Umuambie kwetu.”

“Haifanyikake.” Alisema haraka, kama ninamuvua nguo. “Umuambie haifanyikake, anajua.”

“Umuambie leo chumba chake kimeonekana na mulima mzima. Umuambie minye nimemutukana mbele ya muntu na vyura. Umuambie tumeshavunja yote, mama. Sasa kimebaki kulala tu.”

Nilikuwa nimesema “mama”, moja kwa moja, kwake, si kwa vanne. Alishika ile chuma kidogo zaidi. Halafu akainama, akachukua mzigo wake, na badala ya kufuata njia ya juu akafuata ile inayoshuka kwetu.

Laurette aliporudi, tuliosha kikalio cha sahani, tukabadilisha joint, ule mpira unaozuia maji kuvuja, tukarudisha kifuniko na buloni mpya. Tukatia kle. Ikashuka laini, ikapita ku alama ya chaki bila kusimama, ikafika mpaka chini, ikakaa. Tulizungusha na mukono mumoja tu. Asubuhi ingefanya hivyo, lakini hapana, ilikuwa na haja ya kutufundisha adabu kwanza. Simu ikalia. “Mulifunga?” Venant akauliza.

“Tumefunga,” nikasema, nikazima simu.

Jioni Noella alipika. Tangu mama yake aingie na ule mzigo, alikuwa anazunguka tu ndani ya nyumba, anagusa vitu, anapanga mukeka mu chumba cha watoto. Tuna sebule moja, na nje mvua ilikuwa imeanza tena, kwa hiyo hakuna wa kwenda kula uani. Mama Noella akavuta kiti chake akaangalia ukuta wa huku. Minye nikavuta changu nikaangalia ukuta wa kule. Watoto walikaa katikati yetu, wanacheka, hawaelewi kwa nini wakubwa wanaangalia kuta. Noella akaweka bugali na ndagala mbele yangu, akaweka na mbele ya mama yake.

Nilijua ile bugali ililala mu maji gani. Nilijua tiyo yake, sahani yake, shimo lake na vyura vyake. Nyuma yangu sikusikia sahani yake ikiguswa. Alikuwa ananingoja, mukono haugusi chakula, mpaka ajue nitafanya nini.

Nikakata tonge, nikala. Ilikuwa tamu, na hiyo njo iliniudhi kuliko yote.